Joto la mwili

Joto la mwili ni kiwango cha joto ambacho mwili wa binadamu hujitunzia ndani yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha mdomoni huwa takriban kati ya nyuzi 36.1 na 37.2 za Selsiasi. Msimamizi wake ni haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo: joto likizidi, jasho hutoka na mishipa ya ngozi hutanuka, likipungua, misuli hutetemeka.

Asili ya nyuzi 37

Kiwango hiki mashuhuri kilienezwa na daktari Mjerumani Carl Wunderlich, aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya kwapani vya wagonjwa wapatao 25,000 wa Leipzig. Wunderlich mwenyewe alieleza kwamba joto hupanda na kushuka, lakini waliomfuata walishika wastani wake wakaacha maelezo hayo muhimu. Mwaka 1992 Philip Mackowiak na wenzake, nchini Marekani, walipima watu wazima 148 wenye afya wakapata wastani wa 36.8. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 na Chuo Kikuu cha Stanford ulionyesha kuwa wastani wa Wamarekani umekuwa ukishuka tangu karne ya 19.

Mabadiliko ya kawaida

Joto huwa chini kabisa alfajiri na hufikia kilele jioni, tofauti ikiwa kama nusu nyuzi. Mkulima wa Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, anayetoka kuvuna alizeti juani anaweza kuvuka 37.5 kwa muda bila kuugua. Kwa mwanamke, joto hupanda kidogo baada ya yai kupevuka. Wazee huwa na joto la chini kidogo.

Watoto wachanga

Kiwango chao ni 36.5 hadi 37.5. Mchanga aliyepoa chini ya 35.5 yuko hatarini sawa na aliyechemka, na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, akiwa amebebwa ngozi kwa ngozi kifuani.

Homa na malaria

Kwa miaka mingi mtoto aliyechemka alipewa dawa ya malaria moja kwa moja. Utafiti wa kina uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, kwa watoto 1,005 wenye nyuzi 38 na zaidi, ulikuta malaria kwa takriban mmoja kati ya kumi. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, hasa ya virusi. Hivyo kipimajoto huthibitisha homa tu, na chanzo chake hutafutwa kwa kipimo cha haraka cha malaria na uchunguzi wa mgonjwa. Kiganja pajini hakitoshi kuthibitisha hata homa yenyewe.

Upimaji wa sasa

Kwapani husomeka chini kidogo kuliko mdomoni. Vipimajoto vya zebaki vinaachwa. Vile vya kuelekezwa usoni, vilivyoenea wakati wa UVIKO-19, husoma ngozi, kwa hiyo aliyetoka juani apumzike kwanza kivulini.