Raketi Iliyonyamazisha Ukumbi

Zamani mpira wa meza ulikuwa mchezo wa kelele. Raketi ya mchezaji wa kimataifa ilikuwa ubao uliobandikwa raba nyembamba yenye vipele, na kila pigo lilitoa mlio mkavu uliosikika ukumbi mzima. Mchezaji hodari alitumia masikio sawasawa na macho, kwa kuwa mlio ulimwambia mapema pigo lina ukali gani. Raketi ya aina hiyo ndiyo aliyoishika Viktor Barna wa Hungaria alipotwaa ubingwa wa dunia mara tano kati ya 1930 na 1935. Kampuni ya Dunlop iliuza raketi zenye jina lake, na kijana aliyenunua yake dukani hakuwa na chombo kilichopitwa mno na cha bingwa mwenyewe. Tofauti ilikuwa kwenye mkono.

Hali hiyo iliharibika Bombay mwaka 1952, mashindano ya dunia yalipofanyika Asia kwa mara ya kwanza. Japani ilimleta Hiroji Satoh, kijana mwembamba mwenye miwani ambaye hakuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda. Raketi yake ilikuwa imebandikwa sponji nene, tupu, bila raba juu yake. Mpira ulipoigonga ulizama kidogo, ukarushwa nje kama jiwe linavyotoka kwenye manati, na haukutoa sauti. Wapinzani walijikuta viziwi mezani: mkono wa Satoh waliuona ukipita, lakini mlio waliouzoea tangu utotoni haukuwafikia. Mmarekani Marty Reisman, aliyekuwa akipewa nafasi kubwa, aliondolewa na Satoh. Katika fainali József Kóczián wa Hungaria naye akafungwa, na Asia ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia upande wa wanaume mmoja mmoja.

Reisman hakuisamehe sponji maisha yake yote. Aliendelea kuitetea raketi ya vipele, na mwaka 1997, akiwa na miaka 67, alitwaa ubingwa wa Marekani wa raketi za mtindo wa zamani.

Wengine hawakuwa na muda wa kununa. Ichiro Ogimura alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1954, tena 1956, kwa raketi ya sponji. Vilabu vikaingia vurugu: huyu na sponji nene, yule na vipele, mwingine na raba juu ya sponji, na mashirikisho yakigombana kama yapige marufuku au yaache. Suluhu ilipatikana mwaka 1959. Sponji tupu ilikatazwa. Raba ya vipele isiyo na sponji isizidi unene wa milimita 2, na raba iliyolazwa juu ya sponji isizidi milimita 4 pamoja na gundi. Vipimo hivyo bado vinatumika.

Ni uamuzi mdogo kwa macho, lakini ndio uliozaa biashara yote ya leo. Ndani ya milimita nne hizo kiwanda kinaweza kucheza kinavyotaka: sponji laini au ngumu, vipele vikitazama nje au ndani, raba inayonata au inayoteleza. Vipele vikigeuzwa ndani, uso wa nje unakuwa laini na wenye kushika, na mpira unaondoka ukizunguka kwa kasi ambayo Barna hakuwahi kukutana nayo. Raba za kundi hili, kama Sriver ya kampuni ya Butterfly iliyotoka mwaka 1967, zilitumiwa kutwaa ubingwa kwa miongo kadhaa.

Ujanja nao ukafuata. Ilitengenezwa raba butu isiyoshika mpira hata kidogo: mzunguko anaoutuma mpinzani unamrudia mwenyewe, kinyume na alivyotarajia. Mwingereza John Hilton alibandika raba hiyo upande mmoja na raba ya kawaida upande wa pili, zote za rangi moja, akawa anaigeuza raketi mkononi katikati ya mchezo. Mwaka 1980, huko Bern, alitwaa ubingwa wa Ulaya akiwa na miaka 32, jambo ambalo wachache sana walilitabiri. Waliojaribu kutambua upande uliotumika kwa kusikiliza mlio walikuta wengine wakipiga mguu chini kwa kishindo wakati wa kuanzisha mpira, ili kuufunika. Hapo waamuzi walichoka. Kuanzia 1983 pande mbili zilitakiwa ziwe na rangi tofauti, na miaka michache baadaye zikawa nyekundu na nyeusi. Tangu Oktoba 2021, badala ya nyekundu unaweza kuchagua waridi, zambarau, kijani au bluu, mradi upande wa pili uwe mweusi.

Ujanja mwingine ulitoka kwenye gundi. Katika miaka ya 1970 wachezaji wa Ulaya, Dragutin Šurbek na Tibor Klampár wakitajwa mbele, waligundua kwamba gundi ya kuzibia pancha za baiskeli, sulisheni tunayoijua sote, huivimbisha sponji na kuipa mruko wa ajabu. Vyumba vya kubadilishia nguo vikanuka kama karakana. Mvuke wake ulikuwa hatari kwa afya, na mwaka 2008 gundi hizo zikapigwa marufuku. Viwanda vilikwishajiandaa: mruko ule sasa umewekwa ndani ya sponji tangu kiwandani, kama kwenye raba ya Tenergy ya mwaka huohuo, na mnunuzi anaulipia.

Ubao nao una hadithi yake, na sehemu yake kubwa inatoka Afrika. Limba, mti wa misitu inayoanzia Sierra Leone hadi Kongo, na ayous na koto za Afrika Magharibi, zimo katika mbao nyingi zinazoundwa Sweden, Japani na China. Kanuni inataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili. Nyuzi za kaboni na mfano wake hupenyezwa katika kinachobaki. Ukubwa na umbo, cha kushangaza, havikuwekewa mpaka. Ukitaka kuingia na ubao mpana kama sinia, ruksa.

Anayeanza leo hahitaji kaboni. Ubao wa tabaka tano za mti mtupu, wenye kasi ya kati, na raba inayoshika yenye sponji ya wastani vitamfundisha mengi kuliko raketi ya bingwa, inayorusha mpira kabla mkono haujajua unataka nini. Raketi rahisi zilizofungwa kwenye pakiti huangushwa na raba: burura mpira juu yake ukiugandamiza kwa kiganja, ukiteleza bila kushikwa, hutapata mzunguko wowote. Nyota zilizochapwa kwenye pakiti zisikubabaishe, kwa kuwa kila kiwanda hujipangia zake. Alama ya kutafuta ni ile ya shirikisho la dunia, ITTF, iliyochapwa kwenye raba yenyewe karibu na mpini, mahali ambapo mwamuzi anaweza kuiona.