Kusoma Ramani ya Mjerumani

Mengi niliyoyasikia hapa Majengo, mjini Dodoma, kuhusu vita vya Mjerumani na Mwingereza ni habari za mizinga na njaa. Ramani zilizotumika katika vita hivyo hazitajwi. Nami naamini kwamba anayejua kuzisoma ataelewa vizuri zaidi kwa nini njaa iliifuata mizinga.

Ramani kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilichapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer, karatasi moja moja, kuanzia miaka ya 1890. Richard Kiepert ndiye aliyeianza, kisha Paul Sprigade na Max Moisel wakaiendeleza. Kipimo chake kilikuwa 1:300,000, maana yake sentimita moja ya karatasi ni kilometa tatu za ardhi. Mwendo wa kilometa 24, ambao ni safari ya siku nzima kwa mpagazi mwenye mzigo, unafunikwa na vidole vichache tu.

Wachoraji walikaa Berlin. Waliotembea huku ni maofisa, wamisionari na wasafiri, wakiwa na dira na saa, wakiandika mwelekeo wa njia, muda wa mwendo, mto uliovukwa na mlima ulioonekana kwa mbali. Kwa hiyo jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba hii ni ramani ya njia. Kandokando ya njia pana majina na vilima tele. Ukienda mbali nayo, karatasi inakuwa nyeupe. Weupe huo usikudanganye ukadhani kwamba hapakuwa na watu. Maana yake ni kwamba hakuna mpimaji aliyepita.

Jambo la pili ni tahajia. Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa kanuni za lugha yake. Aruscha ni Arusha, Udjidji ni Ujiji, Unjamwesi ni Unyamwezi, na Mpapua ni Mpwapwa. Kwao herufi s iliyo kati ya irabu mbili husomeka z. Ndiyo maana Kilosa iliandikwa Kilossa.

Jambo la tatu ni vifupisho na maneno. Bhf. ni stesheni ya reli, Miss. ni misheni, Br. ni kisima. Lakini yako maneno ambayo Wajerumani waliyachukua kwetu na kuyatumia katika maandishi yao bila kuyatafsiri: boma, pori, tembe. Boma lilionyesha mahali pa serikali na askari wake. Tembe, nyumba ya Mgogo yenye paa la udongo, ilimaanisha watu; na palipo na watu wa Ugogo pana mtama, uwele na ng'ombe. Kisima kilimaanisha mahali pa kulala jeshi. Kwa mwanajeshi, alama hizi zote zilijibu maswali mawili: nitakunywa wapi, na nitakula nini?

Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, aliyekuwa chini ya Smuts, yaliiteka Kondoa Irangi. Mvua za masika ziliyakwamisha huko, farasi wakafa kwa maradhi, na chakula kikachelewa kufika. Mwezi Julai yalishuka kusini kuelekea kwenye reli, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Dodoma ikatekwa tarehe 29 Julai 1916, na Mpwapwa mwezi Agosti. Waingereza walizitwaa ramani za adui yao, wakazipiga chapa upya na kuzitumia. Hivyo kisima kilekile na tembe ileile vilisomwa na pande zote mbili.

Matokeo yake tunayajua. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kabla ya kurudi nyuma. Waingereza nao walipofika walidai vyao, na zaidi ya hapo wakataka vijana wa kubeba mizigo. Wagogo walikuwa na uzoefu mkubwa wa ukame. Mwaka mbaya ulipokuja waliuza ng'ombe na kununua nafaka kwa majirani. Safari hii ng'ombe walikuwa wameliwa, majirani nao wamenyang'anywa, na vijana hawapo. Mvua ilipokosekana, Ugogo ukaingia katika njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na ugonjwa wa mafua wa 1918 ukaongeza vifo. Mbingu haikuleta njaa ile peke yake.

Jambo hili lina uzito hata leo. Watu wengi waliotawanyika katika matembe yao walihamishiwa vijijini katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yawe hapa. Tangu hapo ardhi imezidi kupata thamani, na neno pori limezidi kuwa jepesi midomoni mwa watu. Ndugu msomaji, mtu akikuonyesha ramani ya kale na kukuambia kwamba mahali fulani palikuwa pori tupu, muulize: nani alipita pale, mwezi gani, akitafuta nini? Wafugaji wa Ugogo huhamisha mifugo wakati wa kiangazi. Mpimaji aliyepita baada ya ng'ombe kuondoka aliliona zizi tupu, na huenda hakuliandika.

Hata hivyo sishauri ramani hizi zitupwe. Zilichorwa ili tutawaliwe, lakini zimehifadhi majina ya mahali ambapo leo hapana nyumba hata moja. Nimewahi kuwasomea wazee majina hayo kutoka katika nakala yangu, nikiyarudisha kwenye matamshi yetu. Hawakuniuliza kipimo wala upande wa kaskazini. Kwa kila jina walilolitambua walinitajia ukoo uliokaa pale na mahali walipochota maji. Niliyaandika yote kwa penseli pembeni mwa karatasi. Kazi hiyo ni ya kufanya sasa, wangali wapo wanaokumbuka.