Kinanda cha mabomba cha Mkunazini na njia ndefu ya kutoka Ujiji

Kwaya ya Mwamgongo ikinunua kinanda, kinapanda boti Kibirizi kama mzigo mwingine wowote, kimefungwa nailoni kisilowe. Kijiji hiki kiko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kinapakana na Hifadhi ya Gombe upande wa kaskazini, na watu wengi hufika kwa maji. Kinanda chenyewe ni cha umeme, mtu mmoja anakibeba begani.

Kinanda cha mabomba ni habari nyingine kabisa. Hakibebwi, kinajengwa ndani ya kanisa kama ukuta unavyojengwa. Ukitaka kuona kimoja chenye historia inayogusa moja kwa moja watu wa Kigoma, inabidi uende mbali, mpaka Mkunazini, Unguja, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana.

Kinanda cha kanisa hilo ni kazi ya Henry Willis & Co. ya Uingereza. Kwa wanaojua vinanda, jina hilo si dogo. Kampuni ilianza London mwaka 1845, na Willis mwenyewe ndiye aliyejenga kinanda cha Royal Albert Hall, kilichozinduliwa 1871 kikiwa na mabomba karibu 9,000. Kile cha St Paul's, London, nacho ni chake.

Sasa, kwa nini chombo cha fundi wa hadhi hiyo kiwekwe kwenye kisiwa cha karafuu?

Kwa sababu ya mahali penyewe. Kanisa limejengwa juu ya soko la watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko hilo. Siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yuleyule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja na kutafsiri Maandiko. Alifariki 1882 na amezikwa humohumo, nyuma ya altare. Altare yenyewe inatajwa kuwa ipo pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa viboko.

Waliofikishwa sokoni hapo hawakutoka pwani tu. Wengi walitoka bara, na njia mojawapo kubwa ilianzia Ujiji. Watu walikamatwa Manyema na ng'ambo nyingine za ziwa, wakavushwa kwa mitumbwi na majahazi hadi Ujiji, kisha wakatembezwa kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, umbali wa kama kilomita 1,200, wengine na pembe za ndovu mabegani. Waliosalia hai wakapakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja. Kwa hiyo mtu wa Kigoma akisikia kinanda kile, anasikia sauti inayotoka mahali ambapo safari ya watu wa kwao iliishia.

Kuna na kamba nyingine. Ndani ya kanisa upo msalaba uliochongwa kwa mti ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake huko Chitambo, Zambia ya leo, alipofariki Mei 1873. Ni Livingstone huyo aliyekutana na Stanley Ujiji mwaka 1871. UMCA nayo ilizaliwa kutokana na hotuba yake ya Cambridge mwaka 1857.

Kinafanyaje kazi?

Wengi wanadhani ni piano kubwa. Siyo. Piano inagonga waya, kinanda cha mabomba kinapuliza, yaani ni filimbi mamia au maelfu zilizopangwa mbele ya mtu mmoja. Mivukuto inajaza upepo kwenye sanduku la mbao. Mpigaji akibonyeza ufunguo, kilango kidogo kinafunguka na upepo unaingia kwenye bomba lake. Bomba refu linatoa sauti nzito, fupi linatoa nyembamba. Bomba la mita 2.4 hivi ndilo linalotoa noti ya chini kabisa kwenye funguo za mikono, na zile za miguu huhitaji hata mita 4.8. Vishikizo vya pembeni vinavutwa kuchagua aina ya mabomba: ya mbao yenye sauti ya upole, au ya mchanganyiko wa bati na risasi yenye sauti kali. Kabla ya mota za umeme lazima awepo mtu wa kusukuma mivukuto kwa mkono muda wote wa ibada. Jina lake halikuandikwa popote, lakini akisinzia, wimbo unakufa.

Na kabla mtu hajasema ni chombo cha Wazungu: cha kwanza kujulikana kilitengenezwa Afrika. Ktesibios, fundi wa Alexandria, Misri, ndiye anayetajwa kukibuni karne ya 3 kabla ya Kristo, akitumia maji kusukuma upepo.

Upande wa ziwa hadithi ilikwenda tofauti. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji 1878, White Fathers wakafuata 1879, na 1885 wakashika Karema. Kila kitu kilikuja kwa kichwa cha mpagazi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Hebu fikiria bomba la mita tano kwenye njia hiyo! Kilichofaa misheni za bara kote Afrika ni harmoniamu, kinanda kidogo cha kukanyaga kilichotokea Paris miaka ya 1840. Hakina mabomba, kina ndimi ndogo za shaba zinazotikiswa na upepo, na kinaingia kwenye sanduku moja.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo haukuwa tena kikwazo. Meli nzima ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ililetwa kutoka Ujerumani kwenye makasha 5,000 na kuungwa hapohapo Kigoma. Kilichobaki kikwazo ni fundi. Liemba ina bandari, serikali na abiria wa kuipigania. Kinanda cha mabomba kina ngozi inayopasuka, mbao inayovimba masika na mchwa asiyejali ibada, na sauti yake hubadilika na joto, kwa hiyo kinahitaji mtu wa kukisawazisha mara kwa mara. Hilo kijijini ni gumu kuliko kukinunua.

Hata Mkunazini adui ni walewale: chumvi ya bahari na unyevu. Majengo ya Mji Mkongwe ni ya matumbawe na chokaa, na kila mtu anakumbuka Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Paa likivuja juu ya kinanda cha Willis, hasara haifanani na ya kiti kulowa.

Kanisa Katoliki, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963, lilisisitiza kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana, ila likaruhusu vyombo vingine vinavyofaa ibada. Tanzania ilishaanza safari hiyo: Padri Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959 kwa mahadhi ya Kibantu. Ngoma na kayamba zikapata nafasi rasmi, baadaye vikaja vinanda vya umeme. Vinanda hivyo vina kitufe kimoja, mara nyingi kimeandikwa “organ”, ambacho mpigaji hukibonyeza kwenye nyimbo za taratibu, na sauti inayotoka ni ya kuiga mabomba ya aina ileile iliyoko Mkunazini.