Ngombe ya Kalinzi na Karatasi ya Leo: Kununua Shamba katika Bushi

Mutu wa Bukavu akipata feza kidogo, wazo la kwanza ni parseli ya muji. La pili ni shamba kwenye kilima, upande wa Walungu ao Kabare. Anapanda huko siku ya Mungu, anaonyeshwa mahali, anauliza bei, anasaini. Ulizo moja tu analisahau: huyu anayeniuzisha, anauzisha nini? Wazee wetu wa Bushi walilijua ulizo hilo zamani, na walikuwa na majina ya kulijibu: kalinzi, obuguli na bwasa.

Tuanze na kalinzi. Udongo wote ulihesabiwa kuwa wa mwami. Aliugawa kwa mikono ya barhambo, na kutoka kwao mpaka kwa baba wa nyumba. Aliyepewa alileta ngombe, moja ao zaidi. Asiye na ngombe alileta mbuzi na pombe. Siku hizi watu wanasema ngombe ile ilikuwa bei. Hapana. Ilikuwa alama kwamba mutu ameingia chini ya mukono wa murhambo: yeye atamutumikia na kumuheshimu, na murhambo atamulinda. Haki hiyo ilishuka kwa watoto wake, na murhambo hakuweza kuamka asubuhi na kumufukuza bila kosa. Karatasi haikuwako. Karatasi ilikuwa bashamuka na majirani waliokunywa kasiksi ya siku ile. Ila kuna jambo tusilifiche: mwanamuke, kwa kawaida, hakulipa kalinzi kwa jina lake. Alilima kwa jina la bwana ao la mutoto, na bwana akifa aliweza kubaki na jembe tu.

Bwasa ni kitu kingine kabisa. Mwenye kalinzi anamuazimisha mwenzake kipande cha kulima, musimu mumoja ao mwaka, na yule anarudisha sehemu ya mavuno ao kazi ya mikono; baadaye ikawa feza. Hapo kulikuwa katazo moja kubwa: mutu wa bwasa apande maharagi, apande viazi, lakini si migomba, si kahawa, wala miti. Mugomba unakaa, na mwenye mugomba anakaa nao. Ndiyo sababu muzee aliyepita njiani alisoma kilima sawa na kitabu. Mahali penye migomba ya miaka mingi, alijua pana mwenyewe.

Obuguli ulipata nguvu wakati wa ukoloni: mutu analipa mara moja, na mizigo ya kwa murhambo inaisha. Huo ndio uko karibu na kununua kwa leo. Lakini hata hapo murhambo na majirani walisimama kama mashahidi.

Juu ya hayo yote ikaja sheria ya serikali. Amri ya tarehe 1 Julai 1885, wakati wa Leopold, ilisema udongo usio na watu ni wa serikali. Basi shamba lililopumuzishwa na malisho ya ngombe, machoni mwa wazungu, vilionekana kuwa vitupu. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, na mashamba makubwa ya walowezi yakaenea milimani. Kisha uhuru. Sheria ya Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, ilirudishia serikali udongo uliotolewa na wakoloni. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kubwa: udongo wote ni mali ya serikali, hata ule wa vijiji, na mutu anapata konsesyo tu. Juu ya haki za wanavijiji, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya rais itazipanga. Watu walingoja amri hiyo miaka makumi.

Katika pengo hilo ndimo wakubwa waliingia. Sheria ya 1973 inataka anketi kabla ya kutoa udongo wa kijiji: kutazama mahali, kuandika waliomo, kuwasikiliza, kubandika tangazo mwezi muzima. Mara nyingi tangazo lilibandikwa pasipo musomaji, ao halikubandikwa. Na sertifika ikishapita miaka miwili, hakuna tena wa kuigusa. Aliyenyanganywa anaweza kudai feza ya fidia tu. Kuna barhambo waliouzisha milima na mabonde yenye maji kwa watu wa muji, ikawa malisho, kwinini ao chai. Wa kwanza kufukuzwa walikuwa watu wa bwasa, juu hawakuwa na mugomba wa kuonyesha.

Mimi nilijifunza haya katika jamaa yangu. Baba mudogo wangu, mwalimu, alinunua kipande mwaka 1986, wakati wa kiangazi. Shamba lilikuwa tupu, safi, na muuzaji alikuwa na karatasi yenye muhuri. Mvua ilipokuja akapanda mikaratusi. Siku chache tu, kijana mumoja akasimama kwenye mupaka.

—Mwalimu, nani alikupa ruhusa ya kupanda miti hapa?

—Nilinunua, mutoto wangu. Karatasi iko.

—Ulinunua maharagi, mwalimu. Shamba ni ya baba yangu. Ule alikuwa na bwasa.

Bashamuka wakakaa. Baba ya kijana alitoa kalinzi, na wazee wawili walikumbuka hata rangi ya ngombe. Muuzaji alikuwa amekwisha kwenda. Baba mudogo akalipa mara ya pili, ngombe na feza, na safari hii mipaka ikatembelewa kwa miguu mbele ya majirani wote, muti kwa muti. Alikuwa akituambia: kama ningeuliza mbona hapa hakuna hata mugomba mumoja, ningebaki na feza yangu. Sikucheka, mimi pia nisingeuliza.

Karatasi ya murhambo aliichunga, lakini hakufika kwa konservatere. Alifikiri kilima kimemujua, inatosha. Alipokufa, watoto wake wakaanza mwaka 2018 kutafuta sertifika, na wamefanya vizuri, kwa sababu mutu mwengine angeweza kuitafuta kabla yao. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi, lakini mbele ya tribinali ni sertifika inayosema kwa sauti.

Shida ni kwamba chini ya shamba hilo analima mujane mumoja. Baba mudogo alimupa bwasa, na kila mwaka analeta kikapo cha maharagi. Anketi ikifika, jina lake liandikwe kati ya waliomo, ao lisiandikwe? Mukubwa wa watoto anaogopa kwamba jina likiingia litaleta magumu. Mudogo amesema hatasaini karatasi isiyo na jina la mama yule. Wakati wanabishana, yeye ameomba ruhusa ya kupanda migomba miwili tu, karibu na njia.