Babu Yangu Mwashi na Ujenzi wa Uswahilini

Mhariri ametuomba tuandike kila mmoja kipande cha historia anachokifahamu. Najua wengi wataandika habari za waalimu wetu, na ni haki yao. Mimi naomba nafasi nieleze habari za babu yangu mzaa baba, ambaye hakukaa darasani katika shule hii hata siku moja, ila karo yangu ya miaka yote ilitoka katika mwiko wake wa uashi. Katika masomo ya historia tulijifunza habari za Mkutano wa Berlin na magavana wa Kiingereza. Lakini mtu akitaka kujua Magomeni na Temeke zilijengwaje, hana budi kuuliza habari za watu kama yeye.

KUJA MJINI

Babu alizaliwa Rufiji. Alifika Dar es Salaam baada ya Vita Kuu ya Pili, akiwa kijana, ndani ya jahazi lililopakia boriti. Boriti hizo za mikoko kutoka delta ya Rufiji ndizo zilizobeba dari za nyumba za pwani kwa karne nyingi, na nyingine zilisafirishwa mpaka Arabuni. Kwa hiyo alipenda kusema kwamba yeye na vifaa vyake vya kazi walishuka pamoja.

Mji aliouona ulikuwa umegawanywa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni na Uhindini ilibidi kujenga kwa mawe na saruji. Uswahilini mtu aliweza kujenga kwa miti na udongo. Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza, yaani Carrier Corps, palikuwa pamekwisha kujaa. Ndipo serikali ya kikoloni ilipopanua makazi ya Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke, mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu wapatao 129,000. Ya mwaka 2022 imekuta mkoani watu 5,383,728. Hao wote wamelala ndani ya kuta ambazo mtu fulani alizisimamisha kwa mikono.

Babu alianza kazi kwa kuwa saidia fundi. Alibeba karai la zege, alichota maji, alichekecha mchanga. Kwa miaka miwili fundi wake hakumruhusu kushika mwiko. Alimwambia aangalie tu, na jioni amweleze alichokiona. Akipatia, kesho yake anaongezewa kazi; akikosea, anarudi kwenye karai. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake, na cheti chake kilikuwa ukuta wenyewe: fundi mkuu alishusha timazi, na uzi ulisema kama kijana amefaulu.

Nikumbushe jambo moja kwa wanafunzi. Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi likizo nikiwa nimejazwa kanuni ya Pythagoras. Nilimkuta Babu anatandaza kamba za msingi Mbagala. Alipima futi tatu upande huu, futi nne upande ule, kisha akavuta kamba kukatisha baina ya alama mbili mpaka ikasoma futi tano kamili. "Kona imekaa," akasema. Nilimweleza kwa fahari kwamba sisi tumefundishwa jambo hilo mwezi uliopita. Babu, ambaye kwa utani wa babu na mjukuu aliniita mume mwenzake, alinijibu, "Wamechelewa kukwambia, mume mwenzangu. Mimi na hii kona tumejuana kabla baba yako hajazaliwa."

UDONGO NA SARUJI

Nyumba aliyoijua kuliko zote ni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, mlango wa katikati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha uwani penye jiko, choo na kisima. Werevu wake uko katika namna inavyojengwa. Mwenyewe huweza kuanza na vyumba viwili, akahamia, akapangisha kimoja, na kodi ikanunua matofali ya chumba kinachofuata. Mamia ya familia za Temeke na Kinondoni zilisomesha watoto kwa kodi za vyumba hivyo.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuondoa nyumba za udongo, kama zile za Magomeni, na kujenga za matofali. Babu alipata kibarua huko. Alisema ilikuwa kazi ya ajabu: asubuhi kubomoa ukuta uliokandikwa na rafiki yake, alasiri kupanga matofali palepale. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi, na tangu hapo kila mtu alitaka saruji. Hata mwaka 1977, katika kutathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu watu kwa kung'ang'ania saruji na bati wakati matofali ya kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa hapa hapa. Babu alimheshimu sana Mwalimu, lakini katika hili alikuwa na jibu lake: anayesifu udongo akandike nyumba yake upya kila baada ya masika, ndipo tuzungumze.

Yeye mwenyewe alinunua kipande cha shamba la minazi Tandika, akajenga chumba baada ya chumba kwa miaka kumi na moja. Hakuwa na hati. Kama sera ya kubomoa ingeendelea, nyumba ile isingepona. Lakini mwaka 1972 serikali iliamua kuboresha makazi ya namna hiyo mahali pake badala ya kuyaondoa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikapata barabara, maji na taa. Katika awamu ya pili zikafuata Mtoni na Tandika. Babu aliposikia greda linanguruma, alidhani limekuja kumhamisha. Lilikuwa linachonga barabara.

MALIPO YA KAZI

Sasa niseme lililo zito. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati saruji ilikuwa adimu na hainunuliwi bila kibali, Babu alianguka kutoka kwenye jukwaa la kampuni moja ya ujenzi. Nyonga ilivunjika. Alikuwa amewafanyia kazi miaka sita, lakini kila siku kama kibarua wa siku ile. Mfuko wa Akiba wa Taifa ulikuwapo tangu mwaka 1964, ila jina lake halikuwamo kitabuni. Alipewa mshahara wa wiki moja na lifti ya gari hadi nyumbani. Alichechemea maisha yake yote, akaendelea kujenga kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na ndiyo maana mimi nilisoma.

Babu alifariki mwaka 2006. Kota za Magomeni nazo zimebomolewa, na mwaka 2022 familia 644 zilikabidhiwa maghorofa mapya mahali pale. Nyumba yetu ya Tandika imepata mnunuzi anayetaka kupandisha ghorofa. Baba zangu wadogo wanataka kuuza; shangazi hataki. Sote tunajua kwamba kwenye kizingiti cha mlango yamo maandishi aliyoyachora katika saruji mbichi mwaka aliohitimu kisomo cha watu wazima. Namba alizijua tangu zamani. Herufi alijifunza ukubwani, na jina lake ndilo neno la kwanza aliloliandika mahali pasipofutika. Mimi nimewaambia wazee kwamba wakiuza sitawapinga, maana Babu mwenyewe alibomoa na kujenga. Ila kizingiti kitolewe kizima.

Kwenu vijana, nina maombi mawili. La kwanza, likizo ijayo mtafuteni mzee mmoja fundi mtaani kwenu, mwamkieni, mwandike jina lake na nyumba alizojenga, mlete shuleni. Waliojenga miaka ya 1950 wamebaki wachache sana. La pili ni kwetu sisi wakubwa tunaojenga. NSSF, iliyochukua nafasi ya mfuko ule mwaka 1997, siku hizi hupokea waliojiajiri. Kabla ya kumlipa fundi wako mwisho wa wiki, muulize kama amejiandikisha. Kama bado, mpe nusu siku akajiandikishe, na nusu siku hiyo mlipe.