Walioikimbia Mito: Somo la Ziara ya Newala

Ndugu msikilizaji, sisi watu wa mjini tukisikia habari za hifadhi ya maumbile, mawazo yetu hukimbilia Serengeti na Ngorongoro, kwenye simba na magari ya watalii. Juma hili nakuomba tuelekee kusini, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ambako kikundi chetu kilifanya ziara ya siku moja, tukiongozwa na mzee mwenyeji, kutoka Tandahimba hadi Newala. Simba hatukumwona. Tulionyeshwa vichaka na maji, na historia ya watu waliochagua kukaa mbali na maji.

Naam, walichagua. Pale Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ardhi hukatika ghafla, na chini yake limetanda bonde la Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Ujerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi ya Wamakonde kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu karibu na mto. Wakapanda juu, wa pili naye akawa mfu. Walipopanda juu zaidi, wa tatu akaishi. Ndiyo maana wazee wakausia watu wakae mlimani.

Ilikuwapo sababu nyingine. Karne ya 19 ilikuwa ya biashara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni; mwaka 1882 hata misheni ya Masasi ilivamiwa. Vichaka vizito vya uwandani vilikuwa boma lisilohitaji mlinzi. Gharama yake waliilipa akina mama, walioteremka na mitungi hadi bondeni, kisha wakapanda nayo kichwani.

Kwa nini juu hakuna mito? Udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha huzama, ikaja kutokea chini, kwenye mabonde kama la Kitangari. Ndipo miaka ya 1950 ukaanzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma maji kwa mashine yarudi juu.

Sasa hapa ndipo penye hoja. Sehemu kubwa ya vichaka vile imefyekwa kupisha mikorosho. Simlaumu mkulima, korosho ndiyo iliyosomesha watoto wa Tandahimba na kuezeka nyumba zao bati. Lakini mteremko ukiachwa uchi, mvua haizami tena: huteremka kwa kasi, ikasomba mchanga na kukata makorongo. Maji yasiyozama juu hayatatokea chini, na mashine haiwezi kusukuma yasiyokuwapo.

Kwa hiyo, anayefika Shimo la Mungu akapiga picha na kuondoka, ameona nusu tu. Wanafunzi wetu wapelekwe huko, waelezwe kichaka na bomba vinahusianaje. Mababu walivumilia kiu ili watoto wao waishi. Sisi tuliofunguliwa bomba, tutawaachia wetu nini?