Mangungo wa Msowero na Karatasi ya Mwaka 1884

Jina la Mangungo limekuwa tusi Tanzania. Kila mkataba wa madini au wa bandari unapozua manung'uniko, hutajwa yeye kuwa baba wa watiao saini wasiyoyasoma. Hukumu hiyo ni nyepesi mno.

Msowero iko kaskazini ya mji wa Kilosa, katika wilaya ambayo kusini yafika Mikumi. Njia ya misafara itokayo pwani kwenda Unyamwezi ilikata nchi ya Usagara. Burton aliipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wakuu wa njiani walikuwa wafanyabiashara na wanasiasa kwa pamoja: walitoza hongo, wakapokea nguo na shanga, kisha wakazigawa ili watu wasiwakimbie. Cheo kilipimwa kwa wingi wa watu. Ama ardhi, ilikuwa ya koo, nazo zilihesabiwa kwa upande wa mama. Mkuu aliweza kumwonyesha mgeni mahali pa kulima, kuuza hakuweza.

Tarehe 29 Novemba 1884 akaja Karl Peters, kijana wa miaka 28, pamoja na Jühlke, Pfeil na Otto. Serikali yao haikuwatuma. Karatasi yao, iliyoandikwa Kijerumani, ilisema kwamba Mangungo atoa nchi yake yote itumiwe na chama cha ukoloni cha Wajerumani, na kwamba urafiki wao ni wa milele. Katika maneno hayo yote, urafiki tu ndio uliokuwa na maana pande zote mbili. Mgeni mwenye bunduki aombapo urafiki, kumkubalia ilikuwa busara ya kila siku njiani, wala si upumbavu.

Safari nzima ya Peters bara haikutimiza wiki sita. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser Wilhelm I alitia saini hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Sultani Barghash alilalamika. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga Unguja, naye akalazimika kukubali.

Basi asemaye kuwa Mangungo aliuza nchi amekwisha kuikubali, pasipo kujua, hoja ya Peters mwenyewe, ya kwamba nchi ilikuwa ya mtu mmoja. Baadaye reli ikapita Kilosa, na mkonge ukapandwa Kimamba na Rudewa, juu ya ardhi ambayo hakuna ukoo wowote ulioitilia alama karatasini.